Baba (74) anataka kwenda Ziwa Ngosi kwa miguu yake. Mliowahi kwenda na wazee, mnafanyaje?

Binti Mwalimu (Mbeya)

Habari zenu wakuu. Niingie moja kwa moja, umeme wenyewe leo wa mashaka.

Baba yangu ana miaka 74, mwalimu mstaafu wa jiografia, anaishi Tukuyu. Mimi niko Mbeya mjini, Forest. Tangu Pasaka ameshikwa na jambo moja tu: anataka kwenda Ngosi, lile ziwa la Rungwe lililo ndani ya kaldera, yaani shimo kubwa la volkano iliyobomoka. Si utalii. Ana jirani, mzee mwenzake, kila jioni wanakaa barazani wakibishana, na huyo jirani amesikia kwa vijana wanaotembeza wageni kwamba ukisimama pale juu ukingoni unaliona ziwa lina umbo la bara la Afrika. Baba anasema hayo ni maneno ya kuwafurahisha wazungu wapige picha. "Kaldera haina umbo la bara, kaldera ina umbo la kaldera." Wamebishana hadi wamenuniana, chai ya jioni kila mtu anakunywa kwake. Sasa ameamua atakwenda mwenyewe akaone, yaishe.

Hali yake ni hii. Presha anayo, anameza dawa na imetulia. Goti la kulia linamsumbua, hasa kwenye kushuka. Macho yako vizuri tangu alipotolewa mtoto wa jicho. Shambani bado anaingia, migomba na kahawa anapalilia kwa mkono wake, na siku za soko anapanda bodaboda bila wasiwasi. Shida ni kwamba hataki kusaidiwa. Ukimshika mkono mahali penye utelezi anautoa taratibu, kama mtu anayeondoa mdudu kwenye shati. Fimbo hataki hata kuisikia. Fimbo, anasema, ni ya wazee.

Kaka yetu mkubwa yuko Dar, ameandika kwenye grupu la familia kwamba tukimpeleka basi tumekubali kumzika. Dada wa Iringa akasema apelekwe Gangilonga, apande lile jiwe, auone mji wote, habari iishe. Baba akajibu palepale: "Gangilonga si ziwa." (Naye yumo kwenye grupu.)

Kwa hiyo wajuzi wa njia ile, niambieni. Bodaboda zinamfikisha wapi? Twende lini? Na kubwa kuliko yote: mzee wa namna hii unamwambiaje kwamba hapa tugeuze, bila kumvunjia heshima? Maana mimi ni kitinda mimba. Kwake bado nina miaka tisa.

---

Fundi wa Uyole

Dada, kwanza ondoa wazo la kwenda sasa hivi. Mvua za Rungwe unazijua, kuanzia Novemba hadi Mei hazina adabu. Ule udongo wa volkano ukilowa hata mbuzi anaukataa. Subirini mwisho wa Juni hivi, hadi Oktoba njia inapitika. Julai baridi ya asubuhi kule Uporoto inaunguza majani ya viazi, lakini chini panakuwa pakavu, na kwa mzee mwenye goti bora baridi kuliko tope.

Mtashuka Isongole, pale Mchangani. Mkitokea Mbeya, Costa za Tukuyu na Kyela ziko Nane Nane. Kutoka lami bodaboda zinapita katikati ya mashamba ya viazi na kabichi hadi msitu unapoanzia. Hapo sasa ni miguu. Mwanzo wake ni mwepesi, unadanganyika kabisa. Ugumu uko mwishoni, kile kipande cha kupandia ukingoni kimesimama. Kijana anatumia saa moja hivi kutoka mwanzo wa msitu. Mzee mpeni saa mbili, mbili na nusu, msimhesabie.

Kushuka hadi kwenye maji ni habari nyingine kabisa. Kilele cha Ngosi kina mita kama 2,620 juu ya usawa wa bahari, maji yako kwenye 2,060 hivi. Hamwanzii kileleni penyewe, lakini ukuta mtauona. Kule unashuka kwa kushika mizizi. Mimi na umri wangu huu nilishuka kwa makalio.

Viatu ni gambuti, si raba. Muongozaji mchukue wa palepale, na kiingilio cha msitu mlipe kabisa ili msije mkasimamishwa njiani mzee amesimama juani.

---

Ngoja Waje

Nimeweka kambi kwenye uzi huu. Ila mleta mada, si ungemfungulia mzee picha ya setilaiti kwenye simu, akaliona ziwa lote, akapumzika zake?

---

Binti Mwalimu

Alifunguliwa. Akasema picha ya kutoka angani haimhusu, kwa sababu jirani alisema "ukisimama ukingoni". Anabishana kama wakili, huyu.

@Fundi asante sana, hayo ya Julai nimeyachukua.

---

Sista wa Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, sitakataza. Mtu anayepalilia kahawa kwenye miteremko ya Tukuyu ana mapafu kuliko wengi tunaokaa ofisini. Lakini apimwe presha wiki hiyohiyo ya safari, na amweleze daktari wake anakwenda wapi. Kama kati ya dawa zake ipo ya kukojoza, aulize siku hiyo aimeze saa ngapi. Asiamue mwenyewe kuiacha. Wazee wengi wakisafiri wanaacha dawa hiyo, au wanaacha kunywa maji, ili wasisumbuke njiani. Yote mawili ni hatari.

Mnapopanda, msikilizeni anavyoongea. Akiweza kumaliza sentensi ndefu bila kukata pumzi, mwendo ni sawa. Maneno yakianza kukatika, simameni. Kifua kikibana, akiona kizunguzungu au akianza kuchanganya maneno, hapo hakuna mjadala, mnageuza.

Goti halifi kwenye kupanda, linafia kwenye kushuka. Kila hatua ya kushuka inalibebesha mara kadhaa ya uzito wa mwili. Fimbo inapunguza mzigo huo, hata kama haipendi. Aanze kuzoea kushuka ngazi taratibu wiki chache kabla. Na kucha za miguuni zikatwe siku mbili tatu mapema. Watu hawalijui hili: mteremko mrefu unazigonga mbele ya kiatu hadi zinakuwa nyeusi.

---

Mtoto wa Mwakaleli

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Kwetu ni Mwakaleli, ila kwa sasa naishi Colorado, Marekani. Nitasema kitu kitakachowachekesha, mnivumilie.

Baba mkwe wangu ana miaka 71 na mchezo wake ni kuteleza kwenye theluji katikati ya miti. Siyo kwenye zile njia pana zilizolainishwa na mashine. Huyu anaingia msituni, kule Steamboat, kwenye miti ya aspen yenye magamba meupe na kwenye misonobari, mbao miguuni, anapenya kati ya shina na shina. Majira ya baridi yaliyopita alinichukua tukashinda naye huko siku nzima. Mimi niliyekua nikipanda na kushuka milima ya kwetu na ndoo ya maji kichwani nilijua nitakuwa nikimsubiri. Aliniacha hadi nikawa nafuata alama za mbao zake.

Wakati wa chakula alinipa taratibu zao za msituni. Haendi mtu peke yake, na hampotezani machoni. Sababu ni kwamba chini ya misonobari matawi yanaizuia theluji isishindiliwe, hivyo kuzunguka shina linabaki shimo la theluji laini. Mtu akitumbukia kichwa chini hawezi kujitoa mwenyewe, anakosa hewa na wenzake wako hatua chache tu mbele. Kwa hiyo kila mtu ana filimbi, na kila baada ya kipande kifupi mnasimama mkaonana. Jingine: macho yanatafuta nafasi, hayatafuti mti. Ukiukodolea mti, mwili unakupeleka hukohuko. Hili mwambie mzee wako kwenye ile mizizi ya Ngosi. Aangalie mguu utakaa wapi, asiangalie anachoogopa kukikanyaga.

Fimbo wanazo wote, hata watoto wa miaka saba, kwa hiyo hakuna anayeona ni uzee. Wakiingia kwenye miti wanatoa mikono kwenye ile mikanda ya fimbo, ili ikinasa kwenye tawi ibaki hukohuko bila kumng'oa mtu bega.

Lakini nililotaka kukuambia hasa dada yangu ni hili. Mzee anatangulia. Mimi nilidhani ni heshima tu kama ya kwetu. Kumbe yule mzee ana hesabu yake. Alisema aliye nyuma ndiye anayechoka kuliko wote, kwa sababu wenzake wanapomsubiri wanapumzika, naye akifika tu wao wanaondoka. Kazi inakuwa yake, mapumziko yanakuwa yao. Aliye mbele anapanga mwendo na anachagua pa kusimama, na akisimama hakuna anayejua kama amechoka au anatazama milima.

Kwa hiyo mtangulize mwalimu. Muongozaji awe hatua mbili mbele kwa ajili ya njia, ninyi wote nyuma yake. Msimwambie "pumzika baba". Muulizeni swali la jiografia. Atasimama ili alijibu.

Na saa ya kugeuza ipangwe nyumbani mezani, siyo kule juu. Baba mkwe ikifika saa nane mchana anavua mbao, hata kama theluji ni nzuri kiasi gani na lifti bado zinapandisha watu. Anasema mifupa mingi huvunjikia kwenye ule mteremko wa "mara moja tu ya mwisho".

---

Fundi wa Uyole

Hahaha, Mtoto wa Mwakaleli umetoka Colorado hadi Isongole bila viza. Lakini hilo la kumtangulia... yaani la yeye kututangulia, nimelikubali. Mama yangu nilipokuwa nampeleka hospitali ya wilaya nilikuwa namwacha nyuma halafu nageuka kumwangalia kila mara. Alikuwa ananuna, nami sikuelewa ananunia nini.

---

Binti Mwalimu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Tumekwenda Jumamosi iliyopita. Mtanivumilia kwa urefu, maana bado ninayo kichwani yote.

Tulikuwa baba, mimi, mwanangu wa kidato cha pili, muongozaji wa Isongole na kijana wake mmoja wa kusaidia. Kaka wa Dar hakusema kitu kwenye grupu, ila alituma hela ya gambuti mpya, ndiyo namna yake ya kukubali. Presha ilipimwa Alhamisi, daktari akasema saa za dawa zibaki zilezile. Saa ya kugeuza tulipanga kwa baba, mezani, na nilimwachia aitaje mwenyewe. Akasema saa saba kamili mchana, akaiandika kwenye kijidaftari chake akapigia mstari.

Suala la fimbo nililimaliza kwa seremala wa Mwanjelwa. Alinitengenezea kijiti kirefu chepesi, kimepigwa msasa vizuri, kimenyooka, hakina mkunjo wa kushikia hata kidogo. Nikamkabidhi: "Baba, hii ya kuonyeshea." Akakigeuza geuza, akakielekeza kwenye kalenda ya ukutani, akagusa Machi, akagusa Septemba. "Ya kuonyeshea sawa," akasema.

Alivaa gambuti, soksi za sufu jozi mbili, sweta, na juu yake koti la suti, kalamu mfukoni. Sikusema kitu. Alikuwa anakwenda kazini.

Pale Isongole kulikuwa na baridi ya kufanya meno yagongane. Bodaboda mbili tatu zikatupitisha mashambani, akina mama wakiwa wameshainama kuchimba viazi, na kila alipopita aliwapungia kijiti kile. Msitu ulipoanza tukashuka. Muongozaji nilishamweleza kwa simu jana yake, kwa hiyo alimwamkia, "Shikamoo mwalimu", akamwambia atangulie, yeye atakuwa pembeni mbele kidogo kuangalia njia. Baba akaanza kutembea bila hata kugeuka kutuangalia kama tunamfuata.

Wakuu, mwendo wake ulikuwa wa polepole kuliko nilivyotarajia, na ulikuwa sahihi. Nyuma yake mimi nilikuwa nazuia miguu. Lakini baada ya nusu saa niligundua hakuna hata mmoja wetu anayehema. Mwanangu nilimpa kazi ya maswali, tuliyaandika pamoja usiku wake. Njia ikianza kuinuka tu, nambonyeza, anauliza. "Babu, kwa nini huku kuna volkano nyingi hivi na Dodoma hamna?" Baba akasimama, akachora ardhini kwa kijiti. Huu ufa unatoka Rukwa, huu unakwenda Nyasa, huu unaelekea Usangu, yote inakutana hapahapa tulipokanyaga, ndiyo maana ardhi ilipasuka ikatoa Rungwe, ikatoa Kyejo, ikatoa hii. Muongozaji akaongeza habari za mradi wa jotoardhi wanaotafuta mvuke chini ya Ngosi. Baba alimsikiliza kwa makini kweli, akamuuliza wamechimba mita ngapi. Hiyo ilitupa mapumziko marefu ya bure.

Katikati ya mianzi na ile migomba pori mbega walituvukia juu, wale weusi wenye mikia meupe. Mwanangu akauliza kama ni kipunji. Muongozaji akasema hapana, kipunji ni wa msitu wa Mlima Rungwe na kule Kitulo, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2005. Baba akasimama bila kuulizwa swali. "Aliyetambuliwa! Wawindaji wa huku walikuwa wakimtaja wakati hao wanasayansi hawajazaliwa." Hapo alikuwa na hasira, wala si uchovu. Sista, sentensi zake zilikuwa ndefu na kamili, nilizihesabu kwa furaha.

Kile kipande cha mwisho ni kama Fundi alivyosema. Mtu unapanda ukishika mizizi iliyolainika kwa mikono ya watu. Kijiti kiliacha kuonyesha, kikaanza kuegemewa, na sisi wote tukawa tunaangalia miti. Mwanangu akafungua mdomo, "Babu, hivi..." na baba akasema, "Subiri. Ngoja nipumue." Tukakaa palepale kwenye mizizi. Nilimpa maji. Akanywa mengi. Nikamuuliza kifua vipi, akasema kifua kipo, goti ndilo linalouliza maswali. Tulikaa muda mzuri tu, hakuna aliyesimama kabla yake.

Juu ukingoni tulikuta ukungu. Ziwa halipo! Weupe mtupu, kama hakuna kitu chini. Muongozaji akasema utafunguka, tukafungua chakula: viazi vya kuchemsha, mayai, parachichi, chai ya chupa. Baba hakukaa. Alisimama na kijiti chake akiangalia ule weupe.

Hapo ndipo aliponiambia kitu nisichokijua. Mimi siku zote nilidhani baba ameshafika Ngosi, kwa jinsi alivyokuwa akitufundisha: ziwa halina mto unaotoka, kuta zimesimama pande zote, kina mita sabini na kitu. Kumbe hakuwahi kufika. Shule ilipopeleka wanafunzi, yeye alibaki na wale ambao wazazi wao hawakuwa na nauli. "Nilikuwa nawachorea ubaoni," akasema. Nikamuuliza alikuwa anachora kutoka wapi. Akasema kutoka kwenye karatasi ya ramani ya upimaji iliyokuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na kwamba alikuwa anaikuza kwa mraba, sentimita kwa sentimita. Kisha akanyamaza, nami nikamenya yai.

Ukungu ulifunguka kwa upande mmoja kwanza, kijani cha maji kikatokea, halafu wote ukaondoka kwa haraka. Wale ambao hamjafika, picha hazisemi ukweli. Ni chini sana, na limetulia sana, na msitu unashuka ukutani hadi kwenye maji yenyewe. Mwanangu alisema neno ambalo mbele ya babu yake si la kusema, na hakuna aliyemkemea.

Baba akainua kijiti. Akaanza kufuata ufukwe pole pole, macho ameyabana. Muongozaji, kwa sauti ya mtu anayejua anaingia hatarini, akasema, "Mwalimu, wengi wanasema ni Afrika." Baba akaendelea. Akafika upande mmoja akasimama. Akarudi. Mwishowe akatoa hukumu: "Mashariki haina Pembe. Bila Pembe si Afrika." Muongozaji akasema Pembe imefichwa na ule mwamba. Wakabishana pale hadi nikaogopa watashikana, na sijamwona baba ana furaha vile tangu mama afariki.

Kushuka majini sikuhitaji kumkataza. Muongozaji alimwonyesha njia inapoanzia. Akaweka mguu mmoja, akachungulia, akautoa. "Hii ni ya darasa la saba. Mimi nimestaafu." Akamruhusu mjukuu ashuke na yule kijana msaidizi, akamtajia saa ya kuwa amerudi, na mjukuu alirudi kabla yake, matope hadi masikioni. Saa saba ilipofika baba alifunga kijidaftari, akasema twende. Mimi ndiye niliyetaka kubaki.

Kurudi kulikuwa kwa taratibu mno. Kwenye ule mwinuko alishuka kwa upande upande, kijiti kwanza, mguu mzima, halafu ule wa goti, na muongozaji alikaa chini yake kila mahali penye kona bila kunyoosha mkono hata mara moja. Yule muongozaji anajua kazi. Mtu mwingine angemshika kiwiko, na siku ingeharibika.

Jumapili goti lilivimba kidogo. Kitambaa cha maji baridi, mguu juu ya stuli, kanisani aliimba akiwa amekaa. Jumatatu alikuwa shambani, anasimamia tu, anavyodai yeye.

Na jirani je? Picha alipelekewa jioni ileile. Akaitazama, akaigeuza simu juu chini, akasema, "Si hii hapa Afrika?" Chai wanakunywa pamoja, na kesi inaendelea.

---

Sista wa Zamu ya Usiku

Hongereni sana. Uvimbe ukiwa umeisha ndani ya siku chache ni sawa, ukirudi au goti likiwa la moto apelekwe. Na huyo muongozaji mpe salamu zangu, huku wodini tunahitaji watu wa hivyo.

---

Mtoto wa Mwakaleli

Ndaga fijo dada, asante sana. Nimemsomea baba mkwe kwa tafsiri yangu ya kubahatisha. Amecheka hilo la kijiti, akauliza kama mwalimu wako angependa kujaribu mbao. Nimemwambia asithubutu kumpa wazo.

---

Ngoja Waje

Mimi nina mama, miaka 69, sukari inamsumbua na miguu inakufa ganzi. Naye anataka kutolewa Mbeya akaone kitu. Ngosi itamfaa?

---

Binti Mwalimu

Kwa miguu yenye ganzi mimi nisingempeleka Ngosi, ile mizizi inataka mtu ahisi anachokanyaga. Mpeleke Daraja la Mungu, Kiwira. Gari linafika karibu kabisa, mama anatembea hatua chache anaona mto unapita chini ya lile daraja la mwamba, na Kijungu haiko mbali na hapo, unaunganisha siku hiyohiyo. Mvalishe viatu vya kufunika vidole, mkague miguu jioni mkirudi, mbebe kitu cha sukari mfukoni. Sista atanisahihisha kama nimekosea. Nendeni asubuhi, mchana wanafunzi wa safari za shule wanajaa.

Na akitaka kutangulia, mwache atangulie.